Mafuta ya Difu kwa Pikapu Kuukuu

Pikapu kuukuu itokayo Njabini kabla ya mapambazuko, imepakia viazi na makopo ya maziwa, mara nyingi husikika kabla haijaonekana. Mlio wa kwanza ni wa injini. Wa pili ni mwembamba, hutoka nyuma chini ya magunia, nao hufanana na mlio wa nyuki waliochokozwa. Dereva akikanyaga mafuta, hupanda. Akiondoa mguu, hubadilika au hukoma. Huo ni mlio wa difu, na mwenye gari anayeusikia kila siku huuzoea kama mtu azoeavyo jino bovu, mpaka siku ya soko lile jino linapovunjika.

Apelekapo gari kwa fundi, shauri apewalo mara nyingi ni moja: "Mzee, tutie ile ya mia na arobaini, kelele itakwisha." Mafuta mazito hutiwa, na kweli kelele hupungua kwa wiki mbili tatu. Fundi hulipwa na mzee huondoka ameridhika. Lakini meno yaliyolika hayakupona. Mafuta mazito yamefunika sauti tu, kama mtu afunikavyo saa kwa blanketi ili alale. Tena shauri hilo lina kosa lingine lililo kubwa zaidi. Halikuuliza kwanza kama ndani ya difu mna meno ya namna gani. Swali hilo ndilo linaloamua mafuta, si bei yake, wala uzito wake, wala mazoea ya fundi kwa magari mengine.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya difu yenyewe. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, hufuata shafti ndefu chini ya gari, kisha hufika katikati ya ekseli ya nyuma. Hapo gia ndogo iitwayo pinioni huzungusha gia kubwa iitwayo krauni, na mwendo uliokuwa ukienda kwa urefu wa gari hugeuzwa uende kushoto na kulia kwenye magurudumu. Ndani ya krauni mna gia nyingine ndogo ambazo huyaruhusu magurudumu mawili yaende kwa mwendo usio sawa. Aliyepata kulima kwa plau anajua jambo hili bila kufundishwa: jozi ya ng'ombe ikigeuka mwisho wa shamba, wa nje hutembea sana na wa ndani hukanyaga karibu mahali pamoja. Magurudumu ya gari katika kona hufanya vivyo hivyo. Yangefungwa pamoja bila difu, moja lingeburuzwa na mpira wake ungeliwa upesi.

Basi uzito wote wa viazi, maziwa na mlima huishia mahali padogo sana, pale jino moja la pinioni linapolisukuma jino la krauni. Mafuta ya difu kazi yake ni kukaa katikati ya meno hayo yasigusane.

MENO YA NAMNA TATU

Katika pikapu za zamani zilizo nchini Kenya, meno hayo ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni meno yaliyopinda mshazari, pinioni ikiwa imeelekea katikati hasa ya krauni. Land Rover za kwanza, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, zilikuwa na difu ya namna hii. Meno yake hubingirika zaidi kuliko kusuguana, kwa hiyo hayadai makuu: mafuta ya gia ya SAE 90 yenye dawa ya kuhimili mgandamizo ndiyo yaliyotajwa katika vitabu vyake.

Namna ya pili ni haipoidi, nayo ndiyo iliyoenea kupita zote. Hapa pinioni imeshushwa chini ya katikati ya krauni. Kampuni ya Packard ya Marekani iliingiza mtindo huo katika motokaa zake mwaka 1926, na faida yake ilikuwa kwamba shafti ilishuka, gari likawa chini zaidi, na jino la pinioni likapata kuwa nene na lenye nguvu. Lakini faida hiyo ina deni. Maadamu pinioni haikuelekea katikati, meno hayabingiriki tu; huteleza moja juu ya jingine kwa urefu wake wote, huku yamegandamizwa kwa nguvu nyingi. Mafuta ya kawaida, hata yawe mazito kama asali, hukamuliwa yakatoka na chuma kikakutana na chuma. Ndiyo sababu mafuta ya haipoidi hutiwa dawa za salfa na fosforasi. Joto la meno likipanda, dawa hizo hushikana na chuma na kufanya ngozi nyembamba juu yake. Ngozi hiyo ndiyo isuguliwayo badala ya jino. Toyota Hilux, Datsun 1200, Peugeot 504 na ekseli ya nyuma ya Land Rover ndefu ya Series III ni za kundi hili. Ukitia ndani yake mafuta ya injini, au mafuta ya gia yasiyo na dawa hizo, huenda gari likaenda vizuri tu barabarani likiwa tupu. Mlima na mzigo ndivyo vitakavyotoa habari.

Namna ya tatu ni parafujo, na hiyo ndiyo inayoponza watu.

PEUGEOT YA PARAFUJO

Peugeot 404 haihitaji kutambulishwa kwa watu wa Kenya. Ilitokea Ufaransa mwaka 1960, ikashinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na pikapu yake ikabeba kabeji, mbuzi, saruji na maharusi kwa muda mrefu baada ya magari ya rika lake kuwa vyuma chakavu. Zingali zipo zinazofanya kazi. Lakini ekseli yake ilikuwa ya mtindo wa kale ambao Peugeot waliushikilia kwa miaka mingi: badala ya pinioni mna parafujo ya chuma, na badala ya krauni ya chuma mna gurudumu la meno lililofanywa kwa shaba iliyochanganywa na bati. Parafujo ikizunguka, huyasukuma meno ya shaba mbele, kama skrubu iingiavyo katika mbao. Ni difu nyamavu sana na yenye kudumu, lakini kazi yake yote ni kuteleza.

Sasa mwenye 404 aliye na nia njema huenda dukani akaulize mafuta bora kuliko yote. Huuziwa mafuta ya haipoidi, makali, yenye salfa tele. Naye hurudi nyumbani akiamini kwamba ameitendea gari yake wema. Kumbe salfa ile inayokilinda chuma, ikipata joto huila shaba. Meno ya manjano huanza kuwa meusi, kisha husagika kidogo kidogo, na wakati wa kubadilisha mafuta huonekana unga unaong'aa kama dhahabu. Dhahabu hiyo ni gharama ya mwenye gari, maana gurudumu la shaba la 404 halipatikani siku hizi kwa kuingia tu katika duka la vipuri.

Kweli, baadhi ya mafuta ya haipoidi ya siku hizi yametiwa dawa ya kuikinga shaba, na wauzaji wengine husema hayadhuru. Maneno ya muuzaji hayatoshi. Kama karatasi ya mtengenezaji haikutaja wazi kwamba mafuta hayo yafaa kwa gia za parafujo zenye shaba, yaachwe.

Zamani ekseli hizo zilitiwa mafuta yenye asili ya mbarika, ambayo hushikamana na chuma na shaba pia bila kuvidhuru. Siku hizi wenye magari ya namna hii hutafuta mafuta ya gia za parafujo yatumiwayo viwandani, yasiyo na salfa kali. Hayo huhesabiwa kwa namba nyingine: mafuta ya kiwandani ya ISO 220 yana uzito wa karibu na SAE 90 ya gari, na ya ISO 460 yakaribia SAE 140. Anayenunua aisome namba hiyo vizuri asije akadhani kwamba 220 ni mazito kuliko 140. Tena mafuta ya mbarika hayachanganyiki vema na mafuta yatokayo ardhini, nayo yakikaa sana huwa kama gundi. Ikiwa haijulikani kilichomo ndani, hapana budi kukimwaga chote kabla ya kutia kingine, wala si kuongeza juu yake.

NAMBA ZA MKEBE

Juu ya mkebe wa mafuta ya gia mna namba za namna mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza huandikwa GL, na hutoka katika Taasisi ya Petroli ya Marekani. Hii haielezi uzito hata kidogo. Yaeleza nguvu ya dawa. GL-1 ni mafuta matupu. GL-4 yana dawa ya kadiri. GL-5 yana dawa nyingi, nayo yamekusudiwa kwa difu za haipoidi. Si ngazi ambayo kila ya juu ni bora kwa kila gari. Giaboksi nyingi za zamani zina pete za shaba za kulinganisha mwendo wa gia, na hizo hutaka GL-4. Fundi anunuaye mkebe mmoja mkubwa wa GL-5, akatia giaboksi na difu kwa pamoja ili kuokoa safari, ameitengeneza difu na huenda ameanza kuiharibu giaboksi.

Namba ya pili ni SAE, ya chama cha wahandisi wa magari wa Marekani, nayo ndiyo ya uzito. Hapa pia pana kosa la zamani. Watu huona 90 kwenye mafuta ya gia na 40 kwenye mafuta ya injini, wakasema kwamba ya kwanza ni mazito zaidi ya mara mbili. Sivyo. Vipimo hivyo viwili ni tofauti, na mafuta ya gia ya SAE 90 yakipata moto yana uzito wa karibu na mafuta ya injini ya 40 au 50. Ikiandikwa 80W-90, namba yenye W ni ya hali ya baridi na ile ya pili ni ya hali ya moto. Mwaka 2005 kipimo hicho kiligawanywa upya, na namba 110 ikatiwa katikati ya 90 na 140. Mtu asishangae akiikuta.

Kwa pikapu ya haipoidi iliyo nzima, SAE 90 au 80W-90 ya GL-5 yatosha karibu kila mahali nchini. Kule Kinangop na Molo, ambako asubuhi kuna umande wa barafu, mafuta ya 140 huwa kama uji uliolala. Gari huyaburuza maili za kwanza, na petroli hulipia. Kwa gari lichukualo mzigo mzito siku nzima katika joto la Voi au Garissa, 85W-140 ina haki yake, kama kitabu cha gari kinairuhusu. Kuitia kwa ajili ya kunyamazisha kelele ni jambo lingine kabisa.

Na kelele yenyewe yafaa isikilizwe kabla ya kufunikwa. Ikipanda na kushuka kwa kadiri mguu unavyokanyaga, meno ya krauni na pinioni yamelika au hayakupangwa sawasawa. Ikiwa ni ngurumo isiyobadilika, huenda ni beringi. Ikisikika katika kona tu, zitazamwe gia ndogo za ndani. Beringi ikiwahiwa, krauni na pinioni huweza kuokoka. Zikiachwa mpaka zivunjike, hununuliwa zote mbili pamoja, kwa maana husagwa pamoja kiwandani zikawa kama mume na mke, na kuzipanga kwataka kipimo cha sehemu za mia za milimita. Si kazi ya nyundo chini ya mwembe. Kuna hila ya kale, ijulikanayo na wauza magari wabaya wa nchi nyingi, ya kutia maranda ya mbao au ndizi ndani ya difu mbovu ili inyamaze siku ya kuuzwa. Anayenunua pikapu kuukuu iliyo kimya kuliko umri wake afungue kizibo na kutia kidole.

KABLA YA KUMWAGA

Namna ya difu ichunguzwe chini ya gari. Kitabu cha gari kikiwapo, ndicho hakimu. Kisipokuwapo, mtu alale chini atazame mahali shafti inapoingia: ikiingia chini ya mstari wa katikati wa ekseli, hiyo ni haipoidi. Katika Peugeot shafti imefichwa ndani ya bomba, hivyo jicho peke yake halitoshi. Tena katika miaka mingi ya matengenezo huenda ekseli ya asili ilikwisha kuondolewa na nyingine kutiwa. Sura ya 404 kwa nje si ushahidi wa kilichomo nyuma. Mafuta ya zamani yakimwagwa, ushahidi huonekana: unga wa chuma hushikwa na sumaku, unga wa shaba ni wa manjano na sumaku haiutaki.

Pikapu chache zina difu ya kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure katika matope. Hiyo ina sahani za kusuguana ndani, nayo hutaka mafuta yenye dawa yake maalumu, la sivyo hutetemeka na kugonga katika kona. Kuijua si vigumu. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, ya nyuma yote mawili yainuliwe na ekseli ikalishwe juu ya vigingi imara, wala si juu ya jeki peke yake. Injini izimwe na gia iingizwe. Gurudumu moja likizungushwa kwa mkono na la pili likazunguka kinyume chake, difu ni ya kawaida. Likikataa kuzunguka, au likizunguka kwa shida, ni ya kuzuia.

Mafuta humwagwa yakiwa na joto baada ya safari, yapate kutoka na uchafu wake. Lakini kabla ya kukigusa kizibo cha chini, kizibo cha juu cha kutilia kifunguliwe kwanza. Wapo waliokwisha kumwaga yote, kisha wakaona kile cha juu kimeshikwa na kutu na hakitoki, na gari likalala hapo hapo. Unga mwembamba kama masizi katika sumaku ya kizibo ni wa kawaida kwa gari la miaka mingi. Kipande chenye pembe, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, ni kipande cha jino, na hapo kubadilisha mafuta peke yake hakutafaa kitu.

Mafuta yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hutokea hasa kwa gari livukalo mito. Difu iliyopata moto ikitumbukia ghafula katika maji baridi, hewa ya ndani hujikunja, na maji huvutwa kupitia katika sili. Kwa hiyo juu ya ekseli mna tundu dogo la kupumulia, ambalo katika magari mengi ya shamba limezibwa na matope tangu zamani. Likizibwa, hewa ya moto nayo hukosa njia, ikayasukuma mafuta kupita kwenye sili mpaka kwenye breki. Mtu hulaumu sili, akanunua nyingine na nyingine, kumbe kosa lilikuwa tundu linalosafishwa kwa waya mwembamba.

Mafuta mapya hutiwa mpaka yafike ukingo wa chini wa tundu la kutilia, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Kuzidisha hakusaidii. Mkebe uwe umefungwa kwa lakiri ya kiwandani na wenye alama ya Shirika la Viwango la Kenya, maana mafuta ya gia yanayopimwa kutoka katika pipa lililo wazi hayana wa kuyatolea ushahidi, na harufu ya salfa ni rahisi kuigiza. Vitabu vya magari mengi ya zamani hutaja kubadilisha baada ya kilomita 20,000 hadi 40,000. Gari lililovuka mto likazama mpaka ekseli lisingoje hesabu hiyo. Likaguliwe juma lile lile.

Kazi ikiisha, brashi ndogo na rangi nyeupe zitumike kuandika juu ya ekseli yenyewe, karibu na kizibo cha kutilia, namna ya mafuta yaliyotiwa na tarehe. Fundi atakayeingia chini ya gari hilo mwaka ujao huenda akawa mwingine.